Beji ya kifuani, Geiger au chemba ya ioni: kipi kinapima kile unachokiogopa?

Mtu wa kilo 70 akipigwa mwili mzima na grei 4 (Gy, kipimo cha dozi ya mionzi) za mionzi ya gama, nishati iliyoingia mwilini mwake ni jouli 280 tu. Inapandisha joto la mwili kwa karibu sehemu moja ya elfu ya nyuzi moja ya Selsiasi. Fundo moja la chai ya moto linaingiza joto jingi kuliko hilo. Lakini bila matibabu, karibu nusu ya watu waliopata dozi ya namna hiyo hufa ndani ya siku 60. Kwa hiyo themometa haisaidii kitu, wala ngozi haihisi chochote wakati tukio linatokea. Kila kifaa kinachouzwa kwa jina la "kipima mionzi" kinafuata alama moja ndogo tu ambayo mionzi imeiacha, kwa mfano chaji ndani ya gesi, mmweko wa mwanga ndani ya fuwele, au weusi kwenye filamu. Alama hizo hazilingani, na hazijibu swali moja.

Makosa mengi ya manunuzi yanatoka hapo. Mtu ananunua kifaa kizuri kinachojibu swali la jirani yake. Maswali yenyewe ni matatu. La kwanza, mfanyakazi huyu amepata kiasi gani tangu mwezi uanze? La pili, hapa niliposimama sasa hivi, mionzi inakuja kwa kasi gani? La tatu, je, kuna vumbi au majimaji yenye mionzi juu ya meza hii, kiatu hiki, mkono huu? La kwanza ni kazi ya beji, la pili ni la kipima kasi ya dozi, la tatu ni la kipima uchafuzi. Hakuna kifaa kimoja kinachojibu yote matatu vizuri, hata kama tangazo linadai hivyo.

Kwanza, kinachoumizwa ni nini

Mionzi ayonisha hung'oa elektroni kwenye atomu. Wakati mwingine hupiga DNA moja kwa moja. Kwa eksirei na gama, hata hivyo, karibu theluthi mbili ya madhara hupitia maji: molekuli ya maji ndani ya seli huvunjika, inazaliwa radikali ya haidroksili (kipande kikali cha molekuli hiyo), nayo huivamia DNA iliyo jirani. Grei 1 huacha katika kila seli mikato karibu 1,000 ya uzi mmoja wa DNA na karibu 40 ya nyuzi zote mbili. Mkato wa uzi mmoja seli huuziba kwa kunakili uzi uliobaki. Mkato wa nyuzi mbili ndio wenye kesi, kwa sababu ncha zikiungwa vibaya seli itakufa itakapojaribu kugawanyika, au itaendelea kuishi ikiwa na kosa. Ndiyo maana tishu zinazogawanyika haraka, yaani uboho, utando wa utumbo na mizizi ya nywele, huanguka kabla ya misuli na neva.

Kutokana na hayo kuna madhara ya aina mbili, na ni lazima uyatenganishe kabla hujachagua kifaa. Aina ya kwanza ina kizingiti: ngozi huanza kuwa nyekundu kwa muda kwenye karibu Gy 2, nywele hunyonyoka kwa muda kwenye karibu Gy 3, na lenzi ya jicho inaweza kupata mtoto wa jicho kuanzia karibu Gy 0.5. Chini ya kizingiti huyaoni. Aina ya pili haina kizingiti kinachokubalika kwa ajili ya kinga: ni saratani, na hatari yake huchukuliwa kuwa karibu asilimia 5 kwa kila sivati, ikijumlishwa kidogo kidogo maisha yote.

Grei ni nishati iliyoingia kwa kila kilo. Sivati (Sv; mSv ni sehemu yake ya elfu, µSv ya milioni) ni grei iliyozidishwa kwa ubaya wa mionzi husika, na ikihitajika, kwa wepesi wa kiungo kuathirika. Gama, eksirei na beta huzidishwa kwa 1. Alfa kwa 20, kwa kuwa chembe ya alfa humwaga nishati yake yote ndani ya mikromita 40 hadi 70 za tishu, umbali wa seli chache tu. Nje ya mwili, tabaka la ngozi iliyokufa huizuia. Ndani ya mapafu hakuna tabaka hilo. Kwa maneno mengine, sivati za mwili mzima hazipimwi na kifaa chochote, hukokotolewa. Kifaa hukupa makadirio ya dozi kwenye kina fulani cha tishu: mm 0.07 panapokaa seli hai za ngozi, mm 3 kwenye lenzi ya jicho, mm 10 kwa viungo vya ndani. Vile vipande vya plastiki na metali unavyoviona ndani ya beji ndivyo vinavyoigiza kina hicho.

Beji nne

| Beji | Husomwaje | Kiwango cha chini | Inapoharibika |
|---|---|---|---|
| Filamu | Husafishwa kwa kemikali, weusi hupimwa | mSv 0.1–0.2 | Joto, unyevu |
| TLD (thermoluminescent dosimeter, fluoridi ya lithi) | Hupashwa moto, mwanga hupimwa | karibu mSv 0.05 | Uchafu juu ya kipande, kusomwa mara moja tu |
| OSL (optically stimulated luminescence, oksidi ya alumini) | Humulikwa, mwanga hupimwa | karibu mSv 0.05 | Mwanga ukiingia kwenye kasha |
| Ya kielektroniki | Kioo chake, papo hapo | mSv 0.001 | Betri, mipigo mifupi ya eksirei |

Filamu tuiache haraka. Madini ya fedha yaliyomo humeza fotoni (vipande vya nishati vya eksirei na gama) za nishati ndogo kwa wingi mno kuliko tishu inavyofanya, kiasi kwamba kwenye kiloelektronivolti (kipimo cha nishati ya fotoni) 40 hivi filamu inaweza kuitikia mara 20 au zaidi, na bila vichujio vya shaba, bati na risasi huwezi kuitafsiri. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, inaingia ukungu unaofanana kabisa na dozi. Sifa yake iliyobaki ni kwamba ni kumbukumbu ya kudumu: mtaalamu anaweza kuona kwenye picha kama beji ilipigwa ikiwa imetulia sehemu moja au ikiwa juu ya mtu anayetembea.

TLD na OSL ndizo zinazoshindana kweli. Fluoridi ya lithi ina namba atomia linganifu ya karibu 8.2, na tishu laini karibu 7.4, kwa hiyo kipande hicho kinameza eksirei karibu kama nyama ya mwili inavyomeza. Oksidi ya alumini iko 11.3, na kwenye eksirei za kiloelektronivolti 30 hadi 40 huitikia karibu mara tatu, hivyo inategemea vichujio na hesabu ya maabara kurudi kwenye kweli. Hapo TLD inaongoza. Lakini TLD husomwa kwa kupashwa moto, kilele chake kikuu cha mwanga kikitoka karibu nyuzi 200, na kusoma huko kunafuta. Kipande kikisha kusomwa, ushahidi umekwisha. Kinachobaki ni mchoro wa mwanga uliohifadhiwa kwenye kompyuta. OSL hupoteza sehemu ndogo tu ya ishara yake kila inaposomwa, chini ya asilimia moja kwa kawaida, kwa hiyo inaweza kusomwa tena wiki ijayo. Siku ripoti itakapoonyesha mSv 9 kwa muuguzi ambaye kawaida yake ni mSv 0.1, na yeye akaapa kwamba hakuna lililotokea, utaelewa thamani ya kusoma mara ya pili.

Kwa upande wa maabara, TLD inadai nidhamu. Vipande vya fluoridi ya lithi yenye magnesi na titani huokwa upya kwa nyuzi 400 saa moja, kisha nyuzi 100 saa mbili, kabla ya kurudishwa kazini. Aina mpya yenye magnesi, shaba na fosforasi ni nyepesi kuhisi mara 20 au zaidi, lakini ukiivusha nyuzi 240 unaiharibu. Tanuri moja lenye mazoea ya zamani linaweza kuua kundi zima la vipande hivyo kwa mara moja. Alama za vidole nazo hutoa mwanga zikipashwa moto, na mwanga huo huhesabiwa kama dozi; vipande hushikwa kwa koleo.

Hukumu yetu kwa hospitali ya wilaya au kituo cha eksirei: chukua ile ambayo huduma yake inarudisha majibu kwa wakati. Nchini Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki hutoa huduma ya TLD kwa wafanyakazi wa mionzi. Beji bora duniani ambayo majibu yake yanakuja baada ya miezi minane ni pambo la kola. Ukiwa na uhuru wa kuchagua kati ya huduma mbili zilizo sawa, tunaegemea OSL kwa ajili ya ile fursa ya kusoma tena. Ukiwa na nyutroni, turudi TLD: jozi ya lithi-6 na lithi-7 huzitenganisha na gama kwa kutoa tu, kwani lithi-6 humeza nyutroni za polepole na lithi-7 haizimezi.

Dosimita ya kielektroniki, ile beji ya nne kwenye jedwali, si mbadala wa hizo; ni kengele. Anayepiga picha za viungio vya bomba kwa chanzo cha Iridi-192 anaihitaji kuliko mtu yeyote. Chanzo cha TBq 1 (terabekereli, kipimo cha nguvu ya chanzo) hutoa karibu mSv 130 kwa saa kwenye umbali wa mita moja. Kwenye sentimita moja, umbali wa kukishika kwa vidole, hesabu hiyo hiyo inapanda mara 10,000, na ndani ya dakika moja vidole vimepokea zaidi ya Gy 20. Beji itamweleza mwezi ujao kwamba aliungua. Kengele inamweleza kabla hajainama.

Ila kengele hiyo ina upofu wake. Tuseme picha moja ya eksirei ya milisekunde 10 inarusha µSv 1 ya mtawanyiko (eksirei zinazodunda kutoka kwa mgonjwa na vitu) pale ulipo. Dozi ni ndogo, lakini kwa muda ule mfupi kasi yake ni Sv 0.36 kwa saa. Dosimita yenye mrija wa Geiger, inayohitaji sehemu ya sekunde kujipanga, inaweza kusajili hesabu chache au isisajili chochote. Kabla ya kununua kwa ajili ya chumba cha eksirei au cha katheta ya moyo, uliza mambo mawili: kasi ya juu kabisa inayoistahimili, na nishati ya chini inayoanzia. Nzuri huanza kwenye kiloelektronivolti 15 au 20. Nyingi za bei nafuu huanza 50 au 60, na mtawanyiko wa eksirei umejaa hapo chini yake.

Kuvaa vibaya kunashinda kifaa kizuri

Beji iliyogeuzwa inasomwa kupitia vichujio visivyo vyake. Iliyofunikwa na sarafu au simu mfukoni inapima kivuli cha sarafu. Iliyoachwa kwenye koti lililotundikwa ndani ya chumba cha eksirei inapima ukuta, na hayo ndiyo maelezo ya kawaida ya ripoti za kutisha.

Anayevaa aproni ya risasi kwa saa nyingi, kama kwenye fluroskopi (eksirei ya picha za mfululizo), avae beji mbili: moja chini ya aproni na nyingine kwenye kola juu yake. Dozi ya mwili mzima hukadiriwa kwa kuchukua nusu ya ile ya chini, kisha kuongeza 0.025 ya ile ya kola. Mfano: chini mSv 0.2, kola mSv 6. Jumla ni 0.1 + 0.15, yaani mSv 0.25. Usiishie hapo. Ile 6 ya kola ndiyo inayoeleza habari za jicho, na mwaka 2011 Kamisheni ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilishusha kikomo cha lenzi kutoka mSv 150 hadi wastani wa mSv 20 kwa mwaka. Daktari mwenye mwili salama kabisa chini ya aproni anaweza kuwa anavuka kikomo machoni. Miwani ya risasi kwake si anasa.

Anayechota Teknishi-99m, dawa ya mionzi ya kupigia picha, kwa sindano avae pete, upande wa kipande ukielekea kiganjani panaposhikwa sindano. Mfanyakazi mjamzito aongeze beji tumboni. Kijusi kina kikomo cha mSv 1 kwa kipindi kilichobaki cha ujauzito. Na kila bahasha ya beji iende maabara pamoja na beji ya ulinganisho ambayo haikuvaliwa na mtu na ilihifadhiwa mbali na vyanzo. Ndiyo inayotoa hesabu ya mionzi ya asili na ya mashine za ukaguzi wa mizigo njiani. Ukiisahau kwenye droo ya chumba cha eksirei, umepunguza dozi ya kila mtu kwa kiasi ambacho droo ilipokea.

Vya mkononi: Geiger, chemba ya ioni, sintileta

Geiger, mrija wa gesi unaohesabu mipigo, ni rahisi, ngumu kuvunjika, na ndiyo wengi wanaoagiza mtandaoni. Kila fotoni inayokamatwa hutoa mpigo uleule, iwe na nishati ndogo au kubwa. Kwa hiyo kifaa kinahesabu, hakipimi dozi. Namba ya µSv/h kwenye kioo imepatikana kwa kuzidisha hesabu kwa kigezo cha Sesi-137, chanzo cha gama cha kukalibrishia. Ukikielekeza kwenye eksirei hafifu au beta, namba hiyo ni hadithi. Yenye mrija wa kioo au chuma haioni alfa hata kidogo. Ile ya uso bapa yenye dirisha la mika jembamba huona alfa, beta na gama, na kwa Sesi-137 hutoa karibu hesabu 350 kwa dakika kwa kila µSv 1 kwa saa. Kwa kutafuta uchafuzi mezani hatuna pendekezo jingine: shika umbali wa sentimita moja, sogeza polepole, sentimita chache kwa sekunde, na usiguse. Dirisha la mika likitobolewa na ncha ya kalamu, mrija umekufa.

Kasoro yake ya hatari ni muda mfu. Baada ya kila mpigo mrija hulala kwa karibu mikrosekunde 100. Ukisoma mipigo 5,000 kwa sekunde, nusu ya muda ulikuwa umelala, na hesabu ya kweli ni 10,000. Kasi ikizidi zaidi, mrija usio na ulinzi huzama kabisa na kuonyesha karibu sifuri. Kanuni ya kazi: washa kifaa ukiwa mbali, kisha sogea. Ukiona namba inapanda halafu inashuka huku ukizidi kukaribia, rudi nyuma. Chernobyl, usiku kinu cha nyuklia kilipolipuka, Aprili 26, 1986, vipimo vilivyokuwa mkononi vilikomea mikrorontgeni 1,000 kwa sekunde, sawa na rontgeni (kipimo cha zamani cha mionzi) 3.6 kwa saa. Sindano ilikwama mwisho, na kikomo cha kifaa kikapelekwa juu kama taarifa ya hali.

Chemba ya ioni hukusanya chaji yenyewe, kwa hiyo inafuata dozi kwa uaminifu kwenye nishati nyingi, na ikiwekwa kwenye hali ya kujumlisha inakamata hata mpigo mfupi wa eksirei. Kwa kukagua kuta za chumba kipya cha eksirei, chukua hii. Ni nzito kujibu kwenye viwango vidogo, na chini ya µSv 1 kwa saa inayumba.

Nyingi zake zina tundu la hewa, na hapo wakazi wa nyanda za juu huumia bila kujua. Hewa nyepesi ina atomu chache za kuayonishwa. Cheti cha ukalibrishaji huandikwa kwa hali maalumu, mara nyingi nyuzi 20 na kPa 101.3. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, kanieneo huwa karibu kPa 86. Kwa nyuzi 25 inabidi uzidishe kwa 1.2. Unachosoma kuwa 10 ni 12. Nairobi ni zaidi kidogo ya hapo. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari na nyuzi 30, ni 1.03 tu. Kanieneo uisome kwenye barometa iliyopo chumbani, si kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, kwa kuwa namba ya simu imeshahesabiwa kana kwamba uko pwani. Geiger na sintileta zimefungwa na hazina shida hiyo. Pwani nako kuna tatizo lake: unyevu huvujisha chaji, na chembe za silika za kukaushia hewa zikibadilika rangi, zikaushwe au zibadilishwe.

Sintileta ya iodidi ya natiri, fuwele inayotoa mmweko ikipigwa na mionzi, ndiyo pua ya mbwa. Fuwele ya inchi mbili huhisi ongezeko dogo la gama ambalo Geiger itahitaji dakika kadhaa kulitambua, na ikiwa na spektra hukutajia jina: kilele kwenye kiloelektronivolti 662 ni Sesi-137, kwenye 364 ni Iodini-131. Kwa mnunuzi wa chuma chakavu au geti la bandari, hii. Lakini fuwele hunyonya unyevu ikipasuka kifuniko, hupasuka ikitolewa ghafla kwenye gari lenye kiyoyozi hadi juani, na kasi ya dozi inayoonyesha ni ya kukadiria tu. Nayo huzidiwa upesi. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, mwanafizikia aliazima kipima cha watafuta urani. Alipokiwasha sindano iligonga mwisho kila upande alioelekea. Akadhani ni kibovu, akarudi kuchukua kingine. Kilikuwa kizima: chanzo cha Sesi-137 cha TBq 50.9 kilikuwa kimepasuliwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Watu wanne walikufa.

Kwa hiyo yadi ya skrepa isinunue sintileta peke yake. Inunue na Geiger yenye mrija wa pili kwa viwango vikubwa, na ijiwekee mpaka wa kusimama. Kwa mfano, ikifika µSv 100 kwa saa, watu waondoke, mahali pazungushiwe kamba, mamlaka iitwe. Anayetaka kujua zaidi ya hapo si mfanyakazi wa yadi.

Kisichoonekana na beji ya kifuani

Radoni iliyovutwa, iodini iliyomezwa, tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) kwenye mkojo: beji ya kifuani haitaziona. Iodini-131 hupimwa kwa sintileta mbele ya tezi ya shingo, au kwenye mkojo, mapema, kwa sababu nusu yake hupotea kila siku 8. Uchafuzi unaofutika hutafutwa kwa kupangusa sentimita za mraba 100 kwa karatasi kavu na kuisoma karatasi mbali na meza, hasa pale mionzi ya chumba inapoizidi kelele ya uchafu wenyewe.

Na kama hakukuwa na beji kabisa, damu ndiyo beji. Rekodi saa ya tukio na saa ya kutapika kwa mara ya kwanza: kutapika baada ya saa mbili huashiria Gy 1 hadi 2, ndani ya saa moja Gy 4 au zaidi. Pima limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) mara kwa mara siku za mwanzo. Kinachosomwa ni kasi ya kushuka, si namba moja. Kisha chukua damu kwenye mrija wa heparini ya lithi, baada ya saa 24 hivi, bila kuigandisha, kwa ajili ya kuhesabu kromosomu zenye sentromia (kifundo cha kromosomu) mbili badala ya moja. Njia hiyo huanza kuona kwenye karibu Gy 0.1 kwa mwili mzima, inahitaji seli kukuzwa saa 48, na mtu mwenye darubini na subira ya kuhesabu seli 500 au zaidi.